Kikwembe cha Pili

1 Machi 1993

Mvua tangu alfajiri. Darasani tulikuwa wachache hata mwalimu hakujisumbua kuita majina. Wakati wa kurudi, vijana waliosimama kando ya soko la Manika walinizomea: "Bilulu! Bilulu barudi kwabo!" Bilulu ni wadudu, na wadudu ni sisi watu wa Kasai. Papa wangu, Tshilombo, ni Mluba wa Kasai, ijapokuwa yeye na mimi tulizaliwa hapa Kolwezi. Aliyeletwa kuchimba shaba ni babu. Mama yangu, Kabemba, ni Mluba wa hapahapa Katanga, kwao ni Kabongo. Kwa hiyo mimi Ngalula ni mdudu nusu. Nilitaka kuwauliza wale vijana ni nusu gani inayotakiwa kurudi kwao. Sikuuliza. Mimi siulizi mtu kitu, ninasoma.

4 Machi

Leo Dady, mdogo wangu wa miaka miwili, alijivika sufuria kichwani akapiga saluti. Mama alianza kucheka kuliko sisi sote, kisha akakata kicheko katikati kama mtu aliyechomwa na mwiba, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kikwembe kingine kiunoni.

Tantine Mushiya, dada mkubwa wa Papa, alikuwa anasonga bukari. Anakaa kwetu tangu watu wa Kasai walipofukuzwa Likasi mwaka jana, na hakuna kinachompita katika nyumba hii. Akaiambia sufuria: "Mwanamuke anaoga mara tatu kwa siku. Anaogea nani?"

Sufuria haikujibu. Mama alimvua Dady ile nyingine kichwani.

9 Machi

Mvua. Hakuna kitu.

12 Machi

Nilimsindikiza Mama zahanati ili nimshike Dady wakati yeye anatazamwa. Muuguzi ni Mama Valérie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, hajui kunong'ona. Nilikaa nje ya pazia. Dady alikuwa analia, kwa hiyo nilisikia vipandevipande tu.

"Tangu huyu mutoto azaliwe?" aliuliza Mama Valérie.

Mama akasema jambo taratibu.

"Usisikie haya, mama. Si weye peke yako. Banamuke wengi bako nayo, hata bamama ba kanisa. Inaitwa incontinence d'effort."

Hapo Dady akapiga ukelele nikampeleka uani kuangalia kuku. Mama alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Njiani akaniambia, "Papa akiuliza, sema tulikuja juu ya kikohozi ya Dady."

Mama hajawahi kuniagiza nidanganye.

13 Machi

Ninaandika polepole ili mwandiko usiharibike.

Wakati wa mapumziko niliingia maktaba nikafungua kamusi ya zamani ya Kifaransa, ile ya masista, yenye jalada la ngozi. Incontinence: kukosa kujizuia mbele ya tamaa za mwili, kinyume cha usafi wa moyo. Chini yake kulikuwa na mistari mingine midogo, lakini nilisikia viatu vya sista nyuma yangu, nikaifunga kama mtu aliyeshikwa anaiba.

Effort sikuhitaji kuitafuta. Ni bidii. Ripoti yangu ya shule ina neno hilo kila muhula.

Kwa hiyo Mama hajizuii, tena kwa bidii. Na wako wengi. Hata bamama ba kanisa.

16 Machi

Mama alikwenda sokoni amevaa kikwembe cha michoro ya majani, akarudi amevaa kile cha michoro ya samaki. Kapuni kulikuwa na mboga ya sombe kidogo tu, na chini ya sombe kikwembe cha majani, kimekunjwa, kibichi. Nilikiona. Naye aliona kwamba nimekiona.

Sikula jioni. Alinigusa paji la uso kuona kama nina homa, nikasogea.

22 Machi

Vijana wa kutufukuza walikuja saa ya chakula. Wengi sikuwafahamu, lakini mmoja tulibatizwa naye siku moja, na yeye ndiye aliyetuambia tuharakishe, hakuangalia uso wangu. Majirani wengine walitusaidia kubeba. Wengine walifunga madirisha. Papa, ambaye kazini kwake hata wakubwa humwita Monsieur, alibeba godoro kichwani katikati ya barabara, tai bado iko shingoni. Shuleni sikuaga. Vitabu viwili vya maktaba viko kwangu, na sijui nitavirudisha kwa nani.

Stesheni ya treni imejaa hadi nje. Kila mtu wa Kasai wa Kolwezi yuko hapa, pamoja na vitanda, mashine za kushonea, kuku, picha za harusi. Wanasema treni itakuja. Papa alipata nafasi chini ya ukuta wa ghala akafunga plastiki.

Mjomba Mukalay, mdogo wake Mama, alitufuata na baiskeli. Alikuwa analia lakini alizungumza kama mtu mwenye hasira.

"Dada, panda nyuma, twende. We hawakufukuze. We ni mutoto wa hapa."

"Na batoto yangu?"

"Batoto ni ba baba yabo. Ni bale bakubwa wamesema vile, si miye."

Mama aliyatazama mabehewa yaliyosimama kwenye reli ya pili, yale ya mizigo, marefu, yasiyo na dirisha hata moja. Akamgeukia Papa. "Mule ndani, mutu anajisaidia wapi?"

Papa alisema atauliza. Tantine Mushiya akapiga makofi. "Yesu! Batu wanapoteza nyumba, yeye anatafuta choo!"

"Sema tu, Dada," Mjomba akasema. "Utabaki ao utaenda?"

"Nitakuambia."

Kila mwanamke wa Katanga aliyeolewa na mtu wa Kasai anaulizwa swali hilo hapa, na wengi wamejibu palepale, kuja au kubaki. Mama yangu, mbele ya mumewe na watoto wake, amesema nitakuambia. Nadhani ninajua sababu. Ana mtu hapa Kolwezi. Treni ikija, hatapanda.

30 Machi

Maji ya mvua yalipita chini yetu. Hakuna treni.

2 Aprili

Hakuna treni.

11 Aprili, Pasaka

Padri alisoma misa kati ya reli mbili. Watu waliimba hadi askari wakaja kuangalia. Zamani sauti ya juu kabisa katika kwaya nzima ilikuwa ya Mama. Aliacha kwaya alipomzaa Dady, akasema amechoka. Leo alisimama nyuma kabisa, kando ya mapipa, mdomo umefungwa.

"Kama roho iko safi, unaimba," alisema Tantine, bila kumtaja mtu.

Nilikubaliana naye. Ninaandika hili hapa kwa sababu ni kweli.

20 Aprili

Mama hanywi maji. Midomo yake imepasuka. Anasema maji ni machache, tunywe sisi. Moshi wa makaa umempa kikohozi, na kikohozi kikimjia anabana magoti na kukaa chini upesi, popote alipo, hata kwenye matope. Kisha anachukua kapu lake na kwenda nyuma ya ghala. Ndani ya kapu daima kuna kikwembe cha pili.

Namtazama kutwa. Sijui tena ni nini ninachokitazama.

28 Aprili

Mvua kidogo. Labda ni ya mwisho.

6 Mei

Dady anaharisha tangu juzi. Watoto wengi hapa wanaharisha. Jana walizika wawili ng'ambo ya reli. Dady amekuwa mwepesi, na ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi.

Tantine alimwita Papa kando, lakini hapa kando si mbali. Alisema tshibawu. Kwa Waluba wa Kasai, mwanamke aliyeolewa akienda na mwanamume mwingine kisha akanyamaza, hatia yake ndiyo hiyo tshibawu, na haimkamati yeye. Inakamata mume au watoto, mpaka afungue kinywa mbele ya ukoo wa mume.

"Muulize," alisema Tantine. "Vikwembe vyake vinageuka kama hali ya hewa. Treni hataki. Mutoto anaisha. Unangoja nini?"

"Mushiya, mutoto alikunywa maji machafu."

"Si siye wote tunakunywa hayo?" Kisha akaniona. "Ngalula. We musomi. We ulienda naye kwa munganga, kule zahanati. Munganga alisema nini?"

Maisha yangu yote nimenyamaza, na ningeweza kunyamaza mara moja zaidi. Lakini macho ya Dady yalikuwa yameingia ndani, na mimi pia ni mtu wa Kasai nusu, na nusu hiyo iliogopa. Nikasema lile neno.

"Kwa Kiswahili ni nini?"

Nikaeleza kama kamusi ilivyoeleza. Nilieleza vizuri, bila kukosea, kama ninavyojibu darasani.

Papa alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Miwani haikuwa na kitu.

7 Mei

Mbele ya ndugu wote wa Papa waliopo hapa, Tantine alisema, "Kabemba, fungua kinywa. Kama hutafungua, hupande behewa letu. Batoto batakufia njiani."

"Siko na bwana mwingine," alisema Mama. "Siko na kitu cha kufungua."

"Basi ile munganga alisema ni nini?"

Mama alishtuka. Alitazama huku na huku, akatazama chini, na hakusema neno. Kila mtu aliona kwamba hakusema neno. Papa alikuwa anatazama reli.

8 Mei

Mama Valérie alikuja na watu wa parokia kuwapa watoto maji ya chumvi na sukari. Alimnywesha Dady kwa kijiko, kidogokidogo, mpaka akakojoa. "Muzuri," alisema. "Huyu atabaki muzima." Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya kanisani, "Na mama? Anafanya mazoezi yake?"

"Mazoezi gani?"

"Ya kukaza! Ya mukojo. Si ulikuwa pale kwa pazia?"

Nilimwuliza kama si incontinence.

"Njo ile, ndiyo hiyo. Mukojo kutoka bila kupenda. Effort ni kule kukohoa, kucheka, kubeba mutoto, kuimba kwa nguvu. We ulifikiri ni nini?"

Sikuweza kumwambia nilichofikiri. Nilimwomba anieleze yote, na alinieleza akiwa amemshika mtoto wa mtu mwingine. Chini ya tumbo la mwanamke kuna nyama zilizotandikwa kama machela, ndizo zinazobeba kibofu. Kuzaa kunazilegeza, na Dady alikuwa mtoto mkubwa aliyetoka kwa shida. Si laana wala si uchafu, na kwa wanawake wengi inapungua. Mtu anakaza kama anayezuia mkojo na upepo wa tumboni kwa pamoja, anashika, anaachia, anarudia, mara kadhaa kwa siku. Hata akiwa amekaa kati ya watu hakuna anayeona. Akisikia kikohozi kinakuja, akaze kwanza. Akitaka kuinua kitu, akaze kwanza. Na asiache kunywa maji, kwa sababu mkojo ukiwa mkali unachokoza kibofu.

"Inachukua muda gani?"

"Akifanya kila siku? Miezi mitatu, ataona."

Nyuma yake mtu alikuwa anauliza kama treni ni kesho.

9 Mei

Nilimwambia Mama kwamba sasa ninajua, na kwamba naenda kumweleza Tantine na Papa. Alinikamata mkono hadi ukauma.

"Usiseme."

"Mama, wanafikiri uko na bwana!"

"Bafikiri. Mwanamuke mwenye bwana bado ni mwanamuke. Mwenye kunuka mukojo ni nini? Tantine yako, njia yote mupaka Kasai, ndani ya sanduku ile, batu mia, unajua ataimba nini?" Akashusha sauti. "Hata Papa yako hajui. Tangu Dady azaliwe ninalala na kitambaa. Hajui."

"Kwa hiyo ni choo tu? Ndiyo sababu hukumjibu Mjomba?"

"Tu," alisema. "Sikia huyu. Tu."

Hakuniuliza ni nani aliyempa Tantine lile neno. Nilimwambia mwenyewe, pamoja na kamusi, na tamaa za mwili, na bidii. Alinitazama kama vile ananiona kwa mara ya kwanza tangu Machi. Halafu kicheko kikampata. "Kwa bidii!" alisema. "Ee Mungu, kwa bidii!" Akabana magoti, akachelewa.

"Unaona?" alisema, na machozi yanamtoka, sijui ni ya nini.

Nilimpelekea kapu.

16 Mei

Dady anatembea. Tantine anasema ni maombi yake yeye. Hakuna treni.

25 Mei

Tunakaza. Ninaposugua sufuria nasema "kaza" kama ninayeongea na sufuria, na Mama, anayechambua mchele, anakaza. "Achia." Tantine alisema nimeanza kurukwa na akili kwa sababu ya kukosa shule. Mama anakunywa maji tena.

Papa bado analala amempa Mama mgongo. Ninaona mgongo wake na neno liko ulimini kwangu, lakini nimeahidi.

2 Juni

Baridi, na vumbi badala ya mvua. Leo Mama alikohoa mara mbili, akakaza kwanza, na hakwenda nyuma ya ghala. Alinitazama kama mtu aliyepasi mtihani wa serikali.

3 Juni

Leo alikwenda mara tatu.

14 Juni

Mjomba Mukalay alikuja na mihogo, akauliza swali lilelile. Mama akamjibu: "Nitaenda. Mushiya akinikatalia behewa yake nitapanda ingine. Batoto yangu batanikuta Kasai." Alisema mbele ya Tantine. Tantine alitema mate pembeni. Papa aligeuka akamtazama Mama, akafungua mdomo, na mtu akapita na ndoo kati yao.

19 Juni

Ninaandika ndani ya behewa, kalamu inaruka.

Injini ilikuja asubuhi bila taarifa. Papa alikimbia na godoro kushika nafasi, watu wakammeza ndani. Tantine alivutwa juu, nami nikavutwa juu. Mabehewa haya hayana ngazi. Sakafu inamfika mtu kifuani. Chini alibaki Mama na vitu na Dady, na Mjomba Mukalay aliyeshika baiskeli kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine.

Mama aliinua mashine ya kushonea. Niliona midomo yake: alikaza kwanza. Aliinua gunia, akakaza kwanza. Kisha akamwinua Dady, na Dady aliogopa giza la behewa, akamkumbatia shingo, akapiga mateke, akakataa kuachia. Mama akamsukuma juu, akamsukuma tena, na tena, hadi nikamshika kwapani. Hakuna kukaza kwa mwezi mmoja kunakoweza kazi hiyo. Kikwembe cha majani kiligeuka rangi kuanzia mapajani hadi chini, mbele ya watu wote waliojaa mlangoni.

"Angalia!" kijana mmoja akacheka. "Mama muzima anakojoa!"

Tantine alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, tayari kumzuia. Nikamwambia kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Tantine, njo ile! Njo lile neno! Maana yake njo ile!"

Alikitazama kikwembe. Akanitazama mimi. Kisha akapiga magoti juu ya sakafu ya chuma, akanyoosha mkono wake wote nje. "Kabemba! Shika mukono! Panda!"

Mama aliuona mkono. Aliona pia nyuso zote zilizokuwa juu ya mkono huo. Akashika kifundo cha kikwembe chake, kama siku zote, na kwa mkono wa pili akatafuta kapu.

"Nakuya," alisema. "Nakuya sasa hivi."

Akakimbilia nyuma ya ghala.

Sisi tuliingoja treni hii tangu mvua za Machi. Yenyewe haikumngoja mtu. Nilipiga kelele, Tantine alipiga kelele, Papa akaja akikanyaga watu na mizigo, na alipofika mlangoni ukuta wa ghala ulikuwa tayari unapita. Mama alitokea kwenye kona yake amevaa cha samaki, safi, amekifunga vizuri. Alikimbia. Kisha akasimama, akatulia kabisa, na Mjomba Mukalay alikuwa nyuma yake na baiskeli.

Papa aliniuliza, "Alirudi kufanya nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, sasa.

21 Juni

Dady anauliza. Papa anamjibu kila mara.

23 Juni, Tenke

Tumesimama hapa, injini imeondoka na wanasema itarudi. Papa anamfuata kila mfanyakazi wa reli kumwuliza treni nyingine ya Kolwezi itapita lini. Hakuna ajuaye. Hatujui kama Mama atakubaliwa kuipanda, wala kama atajipa moyo mara ya pili.

Swali la Mama la siku ile Papa hakulipatia jibu, lakini sasa kila mtu analijua jibu. Mle ndani mtu anajisaidia popote alipobanwa. Harufu ni ya wote na hakuna anayecheka, hata yule kijana.

Mchana Tantine aliniomba tushuke pamoja kutafuta maji. Vumbi la njia lilimpa kikohozi. Alisimama ghafla, akabana magoti. Nimewahi kuona magoti yakibanwa hivyo.

Alikaa juu ya reli. Alirekebisha kilemba, akatazama mbali na mimi.

"Ngalula. Ile munganga alisema inakazwa namna gani?"

"Nani anataka kujua, Tantine?"

"Miye."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Tangu lini?"

"Tangu mutoto wangu wa tatu." Amezaa saba.

Nilitaka kumwuliza kwa nini basi, siku zile zote, alihesabu vikwembe vya mtu mwingine. Safari hii niliuliza.

"Nilifikiri ni mi peke yangu," alisema. "Nilifikiri mwanamuke mwingine akibadilisha, ni juu ya bwana."

Nilikaa kando yake. Reli ilikuwa baridi. Nilimwambia akaze kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ashike, aachie, asibane tumbo wala mapaja. Alifumba macho akafanya. Aliuliza inachukua muda gani, nikamwambia miezi mitatu, akaguna. Tulikuwa tumeelekea upande wa Kolwezi. Reli ilinyooka kule, tupu, hadi macho yalipokoma.

"Tena, Tantine," nikasema. "Kaza."